Inchaji Aliyeniambia Nisiokote

Viatu vyake vilikuwa vya ngozi nyeusi, visigino vigumu, na ukiwa ndani ya wodi ungemsikia akiwa bado kwenye veranda ya maabara. Sisi wengine tulivaa raba ili miguu isitutese. Yeye alikataa. Nilipomuuliza sababu, aliniambia hataki kumfumania mtu.

"Mimi si askari," alisema. "Nikija, nataka mtu awe amejua nakuja. Kama kuna kitu amekosea, awe ameshakirekebisha. Basi kazi yangu imekwisha kabla sijafika."

Tulimwita Inchaji, kwa kuwa ndiye aliyekuwa msimamizi wa wauguzi wa wodi yetu. Wagonjwa walimwita Sista. Wazee waliokuja kuwaona mabinti zao, kutoka mashamba ya chai yanayozunguka hospitali ile upande wa Ikonge, walimwita Omong'ina, jina la heshima la mama mtu mzima, ingawa nilipomkuta alikuwa hajafika hamsini. Jina lake la kuzaliwa nalijua, lakini sitaliandika. Sikuwahi kumsikia mtu akilitumia, na nikilitumia leo nitaona kama ninamzungumzia mtu mwingine.

Mimi nilitumwa kwake nikiwa na mwaka mmoja tu tangu nimalize chuo, kijana wa Suneka ambaye hakuwa amewahi kuishi penye baridi ya asubuhi kama ile. Wodi ilikuwa ya wanawake. Upande mmoja walilala waliojifungua, upande wa pili waliofanyiwa upasuaji. Vitanda vilikuwa ishirini na vinne, na zamu nyingi tulikuwa wauguzi wawili. Wagonjwa walianza mara moja kuniita daktari, kwa sababu nilikuwa mwanamume mwenye koti jeupe, na Inchaji, aliyenionyesha hata mahali glavu zinapowekwa, wakaendelea kumwita sista. Siku ya kwanza jambo hilo lilinifurahisha. Siku ya pili Inchaji alinisimamisha katikati ya wodi, akawatangazia wanawake wote kwa Ekegusii kwamba huyu si daktari, huyu ni muuguzi, na muuguzi si daktari aliyeshindwa mtihani. Kisha akanigeukia.

"Sema mwenyewe, Nyakundi."

Nikasema. Masikio yaliniwaka moto. Lakini tangu siku hiyo sikuwahi kuacha mtu aniite daktari, na sikuwahi tena kuona haya nikiulizwa kazi yangu.

Alikuwa na lugha tatu na kila moja ilikuwa na kazi yake. Ripoti aliandika kwa Kiingereza, kwa mwandiko wa kulala upande wa kushoto. Kina mama aliwabembeleza kwa Ekegusii, kwa sauti ya chini kama mtu anayeongea na ng'ombe anayekamuliwa. Hasira alizitoa kwa Kiswahili, tena Kiswahili safi cha taarifa ya habari, kila neno limenyooka. Sisi ambao Kiswahili chetu ni cha darasani na sokoni tulikuwa tukisikia tu amesema "tafadhali naomba unisikilize", tunajua mtu amekwisha.

Nakumbuka daktari mmoja aliyeletwa kwetu akiwa bado mgeni. Alikuwa mzuri wa mikono na mbaya wa mdomo. Asubuhi moja, tukipita naye kitanda hadi kitanda, alikuta majibu ya damu ya mgonjwa hayajarudi kutoka maabara. Akamgeukia mwenzangu, dada mmoja mpole aliyekuwa ameshika faili, akamuuliza mbele ya wagonjwa wote kama alisomea uuguzi kwenye zizi la ng'ombe. Yule dada aliinamisha kichwa. Inchaji akachukua faili kutoka mikononi mwake, akatoa kalamu mfukoni.

"Daktari, tafadhali naomba unisikilize," alisema. "Umesema mambo mawili. La majibu ya damu nimelisikia, nitalifuatilia sasa hivi. La zizi la ng'ombe naomba ulirudie polepole, niliandike hapa kwenye faili la mgonjwa kama sehemu ya matibabu uliyoagiza leo."

Daktari akacheka kidogo, akidhani ni mzaha. Inchaji hakucheka. Kalamu ilikuwa juu ya karatasi. Mgonjwa mwenyewe, mama mmoja aliyekuwa ameondolewa kidole tumbo, alikuwa anawaangalia wote wawili kwa zamu.

"Tuendelee," daktari akasema.

"Tutaendelea ukishaniambia niandike au nisiandike."

"Usiandike."

"Basi mwambie huyu dada kwamba haikusemwa."

Alimwambia. Kwa sauti ndogo, lakini alimwambia. Na nikisema ukweli, yule daktari hakugeuka adui. Miezi michache baadaye ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika kwenye meza yetu ya chai.

Hiyo meza nayo lazima niieleze, maana ndiyo iliyoanza kumletea matatizo. Kabla yake, wauguzi wa wodi ile walikunywa chai wakiwa wamesimama ndani ya stoo ya dawa, mlango umefungwa, kama watu wanaoiba. Inchaji aliitoa chai stooni. Akaweka meza ndogo chini ya dirisha, mahali ambapo kila anayeingia angeiona, na viti viwili. Saa nne asubuhi, mmoja wetu aliketi dakika kumi na tano huku mwingine akihudumu, kisha wakabadilishana. Kusimama kulikatazwa. Ukinywa umesimama alikuja akakusukuma begani mpaka ukae.

Yeye mwenyewe hakunywa. Alikuwa Msabato wa kushika kila kitu, na chai kwake ilikuwa mwiko. Nyumbani alikuwa na shamba la chai kubwa kuliko la baba yangu, alikuwa akichuma majani kila siku asipokuwa zamu, na ile chai aliyotupigania kama simba hakuwahi kuionja. Zamu yake ya kukaa ilipofika alikunywa maji moto yenye limau, amenyoosha mgongo, akiangalia barabara.

Siku moja mama mmoja aliyekuja kumwona mkwewe alimpiga picha ya video yule mwenzangu mpole akiwa ameketi na kikombe. Video ilizunguka kwenye makundi ya simu ya vijiji vyote mpaka Ekerenyo. Maneno yaliyoandikwa chini yake sitayarudia, ila walisema tunakunywa chai watu wakifa. Siku ile hakukuwa na aliyekufa. Msimamizi wa hospitali, ambaye ofisi yake ilikuwa na birika lake na bisikuti zake, akatoa waraka kwamba kuanzia hapo hakuna muuguzi kula wala kunywa chochote ndani ya wodi.

Inchaji aliusoma waraka mara mbili. Akaugeuza nyuma, akaandika: "Nimesoma. Hatutaacha." Akatia sahihi yake yote, si herufi za kwanza tu, akanituma niurudishe ofisini. Saa nne ilipofika alinikalisha mimi kwanza. Sijawahi kunywa chai kwa woga namna ile. Msimamizi alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni.

"Sista, unanidharau?"

"Hapana, bwana. Jenereta yako inapumzishwa. Gari la wagonjwa linapumzishwa, na dereva wake ana kitanda. Hawa nao watapumzika. Ukitaka, niletee muuguzi wa tatu, nao watakwenda kunywa huko nje usikowaona."

Muuguzi wa tatu hakuletwa. Meza ilibaki.

Nisije nikamfanya malaika. Alikuwa mgumu. Ukichelewa dakika tano alikuambia urudi nyumbani, na zamu yako aliifanya yeye, halafu wiki nzima hakukusemesha isipokuwa kuhusu wagonjwa. Mikunjo ya mashuka ilimkera kuliko wezi. Mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa mjini Kisii, ambaye familia yake imekaa pale tangu zamani na ambaye Ekegusii chake kilikuwa kizuri kuliko cha binamu zangu wa Nairobi, aliniambia kwamba siku Inchaji alipokuja kutafuta kitambaa cha mapazia ya kuficha vitanda, alimfungulia majora kumi na mawili na akayakataa yote kwa sababu mwanga ulikuwa unapenya. Na kubwa kuliko yote, yeye aliyetulazimisha kukaa, kulala na kwenda likizo, hakuwa amechukua likizo hata moja tangu nimjue. Tukimwuliza alisema shamba lake ndiyo likizo. Tulimwamini kwa sababu ilikuwa rahisi kumwamini.

Kisha ikatokea asubuhi ile. Kulikuwa na upungufu wa watu, wawili walikuwa wagonjwa, mmoja alikuwa ameacha kazi. Inchaji alikuwa amefanya siku kumi na moja mfululizo. Msichana mdogo, labda wa miaka kumi na minane, alikuwa katika uchungu wa mtoto wa kwanza, na alikuwa analia kwa sauti ya juu bila kupumzika. Nilikuwa upande wa pili wa pazia, nikibadilisha dripu. Nikasikia Inchaji akimwambia kwa Ekegusii, lugha yake ya kubembeleza, yale maneno ambayo wanawake wa nchi hii wamekuwa wakiambiwa kwenye vitanda vya uzazi tangu zamani: anyamaze, maana siku alipokuwa anaitafuta hiyo mimba hakulia.

Nilidhani nimesikia vibaya. Yule msichana alinyamaza kabisa. Mtoto alizaliwa baada ya saa moja hivi, wa kike, mzima, na mama yake hakutoa sauti tena mpaka mwisho. Kimya kile kilikuwa kibaya kuliko kilio.

Mchana, wakati wageni wakiwa wamejaa wodini na vyakula vyao kwenye vikapu, Inchaji alikwenda akasimama miguuni pa kitanda cha yule msichana. Alisema kwa sauti ya kusikika na wote.

"Maneno niliyokuambia asubuhi yalikuwa mabaya. Hukuyastahili. Nimekukosea, na ninakuomba msamaha mbele ya watu kwa sababu wapo walionisikia."

Msichana aliangalia ukuta. Aliyejibu ni mama mkwe wake, akiwa anamimina uji kwenye kikombe, bila ubaya wowote.

"Sista, hakuna neno. Sisi tumezoea."

Nilikuwa namwangalia Inchaji usoni. Matusi ya watu wakubwa hayakuwahi kumtikisa mbele yetu, lakini hilo neno "tumezoea" lilimpiga. Aliitikia kwa kichwa, akatembea polepole mpaka stoo ya mashuka, akafunga mlango. Alikaa huko muda mrefu. Alipotoka, aliandika barua ya kuomba likizo ya mwezi mzima, akampelekea msimamizi kwa mkono wake, akaondoka siku hiyo hiyo zamu yake ilipokwisha. Alipoulizwa ni nani ataangalia wodi, alisema hilo ni swali zuri na angependa ofisi ilijibu.

Aliporudi alikuwa amenenepa kidogo, na tangu hapo hakukosa likizo tena.

Nimesimulia hilo ili nieleze kilichonipata mimi mwaka uliofuata. Haikuanza kwa kishindo. Nilianza tu kutosikia. Mtoto akifariki, nilimfunga shuka, nikaandika saa, nikaosha mikono, nikaenda kitanda kinachofuata. Mama yake akilia, nilikuwa nawaza kama mashuka masafi yatatosha. Nyumbani mke wangu akinisimulia jambo, niliona midomo yake ikienda. Wagonjwa nikaanza kuwaita kwa namba za vitanda. Mtu akiniuliza swali mara ya pili nilimjibu kwa namna ambayo, kama ningemsikia mwingine akimjibu mama yangu hivyo, ningepigana naye.

Asubuhi moja nilivaa kiatu cha kulia, nikabaki nimeshika cha kushoto. Sikuwa naumwa. Nilikuwa nimeketi ukingoni mwa kitanda, naangalia kile kiatu, na mkono haukutaka kwenda. Saa nzima ilipita. Nilifika kazini nikiwa nimechelewa sana, nikajiandaa kurudishwa nyumbani.

"Umechelewa," Inchaji alisema.

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Nilitaka kusema pikipiki iliharibika njiani. Badala yake nikasema, "Nilishindwa kuvaa kiatu."

Niliona aibu nilipolisikia jibu langu. Aliniongoza kwenye meza chini ya dirisha, akanisukuma begani nikakaa. Ilikuwa bado sana kufika saa nne. Aliniita kwa jina ambalo hakuwahi kuniita, tata, yaani baba, kama mama zetu wanavyowaita watoto wao wa kiume.

"Umekauka, tata," alisema. "Mimi nilikauka mwaka jana. Unajua nilifanya nini ndani ya ile stoo? Nilihesabu mashuka. Nilijaribu kulia nikashindwa, nikahesabu mashuka. Ndipo nikajua nimekuwa hatari kwa watu."

"Labda kazi hii si yangu."

"Usiwape wakubwa ushindi huo. Wanaweka wauguzi wawili mahali pa sita, halafu ukikauka unadhani kasoro ni yako. Nenda nyumbani wiki tatu. Usisome chochote kuhusu uuguzi. Usimtibu jirani. Ukirudi ukiwa bado husikii, tutazungumza habari ya kazi nyingine, na hakuna atakayekucheka nikiwepo."

Wiki ya kwanza nililala. Ya pili nilimsaidia baba kupanda migomba kule Suneka, na jioni moja nikajikuta nalia shambani kwa ajili ya mtoto niliyekuwa nimemfunga shuka miezi minne nyuma. Ya tatu nilianza kutamani kelele za wodi. Nilirudi. Baadaye mwenzangu aliniambia kwamba nusu ya zamu zangu Inchaji alikuwa amezifanya mwenyewe, na nusu nyingine alimlazimisha msimamizi alete mtu kutoka wodi ya wanaume kwa kumwambia vinginevyo atafunga vitanda sita, na alikuwa ameshavitoa magodoro.

Sasa nije kwenye siku aliyonikataza kuokota.

Kitanda cha nane alilala mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliyekuwa amejifungua kwa upasuaji siku iliyotangulia. Alikuwa mtu wa staha, hata dripu ikimuuma aliomba radhi kabla ya kutuita. Asubuhi, saa za kusafisha vidonda, akaja kaka yake kutoka Nairobi, mtu mwenye suti na walinzi wawili waliobaki nje. Alitaka kuingia. Nilimwambia kwa adabu kwamba wanawake wako wazi, tunasafisha vidonda, angoje nusu saa. Alinipita kama pazia. Nikamfuata, nikarudia. Akageuka akaniuliza kama hakuna wanawake hapa mpaka dada yake aoshwe na yaya mwenye suruali. Kisha akalinyakua faili lililokuwa mkononi mwangu, akanirushia usoni. Ukingo wake ulinikata juu ya jicho. Karatasi zikatawanyika sakafuni, kati ya vitanda.

Mimi nilifanya kile ambacho mwili wangu ulikuwa umezoea. Niliinama niokote.

"Usiokote, Nyakundi."

Inchaji alikuwa amesimama upande wa pili wa wodi, mikono ina glavu. Nilibaki nimeinama nusu. Akazivua glavu, akazitupa, akaja.

"Simama wima," aliniambia, kisha akamgeukia mgeni. "Bwana, tafadhali naomba unisikilize. Hizo karatasi ni za dada yako. Ndani yake kuna dawa anazopaswa kupata asubuhi hii. Ziokote umpe huyu muuguzi mkononi."

"Unajua mimi ni nani?"

"Najua. Wewe ni kaka wa kitanda cha nane, umeingia saa isiyo ya wageni, na umemtoa damu mfanyakazi wangu."

Mtu yule akatoa simu. Dakika chache baadaye msimamizi wa hospitali aliingia mbio, akaona hali, akatabasamu kwa mgeni, na kabla hajasema neno akainama kuelekea karatasi iliyo karibu.

"Na wewe usiokote," Inchaji akasema.

Msimamizi akaganda. Nilikuwa sijawahi kuona mtu akibaki hivyo, mkono umenyooshwa, hajui aende juu au chini. Akasimama. Sasa tulikuwa watu wanne tumezunguka karatasi, na wanawake ishirini na watatu wakituangalia kutoka vitandani. Wa ishirini na nne hakuwa akituangalia. Alikuwa amekunja blanketi, ameshika mshono wa tumbo lake kwa mkono mmoja na chuma cha dripu kwa mwingine, na alikuwa anateremsha miguu.

"Mwalimu, rudi kitandani," nilimwambia.

"Acheni. Ni zangu," alisema. "Nitaokota mimi."

Mguu wake wa kwanza uligusa sakafu, akafunga macho kwa maumivu. Kaka yake alimtazama. Sijui aliona nini, labda aliona damu kidogo iliyokuwa imepenya kwenye gauni. Alipiga magoti na suti yake, akaanza kukusanya. Alikusanya zote. Nyingine zilikuwa zimeingia chini ya kitanda cha saba, akajinyoosha mpaka akazifikia. Akaniletea. Sikusikia akisema samahani, na mwenzangu anasema alisema, basi sitabisha. Inchaji alikuwa ameshamrudisha mwalimu kitandani na anauangalia mshono.

Barua ilikuja siku tatu baadaye. Zilikuwa mbili katika bahasha moja, ya onyo na ya uhamisho. Inchaji, mwenye miaka yote ile ya kazi, alipelekwa zahanati ya vyumba viwili juu milimani, mahali pa kutoa chanjo na kupima shinikizo la damu, awe muuguzi pekee. Tulikuwa tumeandika barua yetu ya kumtetea na kuitia sahihi wote, hata yule daktari wa zizi la ng'ombe. Haikujibiwa. Mimi nilitaka tugome. Yeye alikataa.

"Wagonjwa hawakuandika barua hii," alisema. "Kaeni. Meza ikiondolewa, hapo mnaweza kugoma."

"Na wewe?"

"Mimi niende wapi? Huko juu nako kuna watu."

Hakuomba rufaa ya kurudi. Lakini alikataa kutia sahihi ile barua ya onyo, na kila mwaka walipomletea fomu za tathmini alikuwa akiandika juu, kwa mwandiko wake wa kulala kushoto, kwamba onyo lile halitambui. Alifanya hivyo mpaka alipostaafu. Mimi nilikaa katika wodi ile, na leo ndimi inchaji wake. Viti viwili vimekuwa vitatu.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa mwaka huu, katika kliniki moja ya macho mjini Kisii. Nilikuwa nimekwenda kupimwa miwani. Nilimkuta kwenye benchi, ameshika kikaratasi cha namba, mtoto wa jicho ameanza kumfunika jicho la kushoto. Alinitambua kwa sauti. Tuliketi tukaongea habari za majani chai, mvua, na wanangu.

Muuguzi wa mapokezi alikuwa msichana mwenye macho mekundu. Mzee mmoja wa mashambani, aliyeketi karibu nasi, alikuwa amekwenda dirishani mara tatu kuuliza kama namba yake imeitwa. Mara ya nne yule msichana alimwuliza kwa sauti ya juu kama ana masikio au ameyaacha nyumbani. Watu wachache walicheka. Mzee akarudi kwenye benchi akiangalia kofia yake.

Nilianza kuinuka. Inchaji akanizuia kwa mkono. Alimgeukia kwanza yule mzee, akamwambia kwa Ekegusii kwamba yeye alikuwa muuguzi, na kwa niaba ya kazi yao anamwomba radhi, maana hakuna aliye na haki ya kumwambia hivyo. Kisha akaenda dirishani, akipapasa ukingo wa kaunta.

"Binti, uko zamu tangu lini?"

"Mama, ngoja namba yako."

"Nitangoja. Tangu lini?"

Msichana akamwangalia. "Tangu jana jioni. Wa kunipokea hajaja."

Inchaji akanishika kiwiko. "Nipeleke kwa mkubwa wao," aliniambia.

Mkubwa wao alikuwa mwanamume wa makamo, nadhifu, na alipokwisha kusikia yaliyompata yule mzee alitoa kalamu haraka. Alisema anasikitika sana na huyo muuguzi atachukuliwa hatua leo leo.

"Sikuja kumshtaki yeye," Inchaji alisema. "Nimekuja kukushtaki wewe kwako mwenyewe. Amekosa, na amekosa kwa sababu umemwacha pale tangu jana. Naomba umpate mtu wa kumpokea. Nitakaa hapa mpaka nimwone huyo mtu amefika."

"Mama, kwani wewe ni nani?"

"Namba thelathini na moja."

Akakaa kwenye kiti kilichokuwa ukutani, mikono magotini. Yule bwana alijaribu kuendelea na karatasi zake, akashindwa, akashika simu. Kupitia mlango uliokuwa wazi tulisikia namba ishirini na nane ikiitwa, kisha ishirini na tisa. Ilipoitwa thelathini na moja nilimgusa.

"Ni wewe."

"Nasikia," alisema, na hakuinuka.

Ilipita karibu saa moja. Muuguzi mwingine akaja akihema, ameitwa kutoka nyumbani siku yake ya mapumziko, naye Inchaji akampa pole. Tulipotoka, daktari wa macho alikuwa ameshaondoka, na kikaratasi cha Inchaji kiliandikwa upya, arudi Alhamisi. Alikikunja akakitia kwenye mkoba bila kulalamika. Mzee wa kofia alikuwa ameshahudumiwa.

Tukiwa bado kwenye korido, yule msichana alitoka na koti lake mkononi. Bila shaka alikuwa ameambiwa kuna bibi aliyekwenda ofisini. Alitupa jicho moja kali, akapita katikati yetu, akashuka ngazi akishikilia ukuta.

Damu ilinipanda. "Hata salamu," nikasema. "Baada ya yote hayo."

Inchaji alikuwa amegeuza uso kuelekea mlio wa hatua zake, mpaka zikaisha.

"Alale kwanza," alisema.